"Niliibiwa simu": Kauli ya kutendwa na historia ya Eastlands

Kuna sentensi moja ya Kiingereza ambayo ukishuka matatu pale Muthurwa au Machakos Country Bus hutakosa kuisikia: "I was stolen my phone." Walimu wa Kiingereza huikata kwa wino mwekundu. Wajuaji huicheka. Aliyeisema naye hubaki ameduwaa, maana kila neno alilotumia ni la Kiingereza, na jambo analolisema ni la kweli: simu imekwenda.

Nimeisahihisha sentensi hiyo katika insha za wanafunzi mara nyingi, na bado naamini ina akili ndani yake kuliko tunavyokubali. Anayeisema hajakurupuka. Amefikiri kwa Kiswahili, lugha iliyomfunza kwamba anayeumia anaweza kuwekwa mwanzo wa sentensi: "Niliibiwa simu." Kiingereza hakimruhusu. Ukitaka kusema kwa usahihi, utasema "My phone was stolen", na hapo simu ndiyo inayokuwa mwenye habari. Wewe mwenyewe umebaki katika kale ka "my" tu, kama abiria aliyening'inia mlangoni.

Tofauti hii ya kisarufi inaonekana ndogo. Lakini ukisoma historia ya mitaa ya Eastlands, kutoka Pumwani hadi Kariobangi, utaona kwamba imebeba mzigo mzito. Historia hiyo iliandikwa kwa Kiingereza na ikasimuliwa kwa Kiswahili, na lugha hizo mbili hazikumweka mtu yule yule mwanzo wa sentensi.

Kwanza sarufi yenyewe, kwa ufupi, maana wengi wetu tuliikariri tu kwa ajili ya mtihani. Kiingereza huunda kauli ya kutendwa kwa kuweka kitenzi "be" na umbo la tatu la kitenzi kikuu. "The police arrested the hawker" inageuka kuwa "The hawker was arrested by the police." Shamirisho imepanda ngazi ikawa kiima, na mtenda aliyekuwa mbele ameshushwa nyuma ya "by". Tena si lazima awepo. Unaweza kumwacha kabisa, "The hawker was arrested", na sentensi ikasimama wima bila kuyumba. Hapo ndipo panapopendwa na wanaoandika ripoti.

Sasa, kitenzi "steal" kina shamirisho kipozi moja, kile kilichoibwa. Aliyeibiwa si shamirisho yake, hivyo hana ngazi ya kupandia. Mwanafunzi atakuuliza, na swali lake ni la haki: kama tunasema "I was given a phone", mbona tusiseme "I was stolen a phone"? Jibu ni kwamba "give" hupokea shamirisho mbili, kitu na mpokeaji, na "steal" haimpokei mtu. Hakuna mantiki kubwa zaidi ya hiyo. Ndivyo lugha yao ilivyokua.

Kiswahili kina mlango mwingine. Iba huwa ibia, kauli ya kutendea, na hapo shamirisho kitondo, yaani yule anayeathiriwa, huingia ndani ya kitenzi. Ibia nayo huwa ibiwa. Mlango huo ni mpana ajabu, kwa kuwa hupitisha hata vitenzi visivyo na shamirisho kabisa. Mvua hainyeshi mtu, lakini tunanyeshewa. Kufa ni kwa anayekufa peke yake, lakini aliyeachwa nyuma amefiwa. Mpangaji huhama usiku na mwenye nyumba akawa amehamwa. Mtafsirie Mwingereza "nimefiwa na baba" neno kwa neno uone atakavyokutazama.

Turudi miaka ya 1930. Pangani kilikuwa kijiji cha Waafrika kaskazini mashariki mwa mji, cha nyumba za udongo, wenyeji wake wengi Waislamu na wanawake wengi wakiwa miongoni mwa wenye nyumba. Serikali ya mji ilikuwa imeanzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama makazi rasmi ya Waafrika, na ilitaka vijiji vilivyojimea vyenyewe viondoke. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani ikaondolewa, na mtaa wa Shauri Moyo ukajengwa kupokea waliotolewa huko. Vitabu vya historia ya Nairobi huyamaliza mambo hayo kwa maneno matatu: "Pangani was demolished."

Tazama kinachotokea katika maneno hayo. Kiima ni Pangani, mahali. Aliyebomoa hayupo. Aliyebomolewa pia hayupo. Sentensi ni sahihi, tena ya kweli, lakini imewatoa watu wawili kwa mpigo mmoja. Kwa Kiswahili cha mtaani, mwenye nyumba hawezi kuisema hivyo. Atasema "tulibomolewa". Nyumba haipo hata katika sentensi! Sisi ndio tuliobomolewa, kana kwamba nyundo ilishuka mabegani petu. Ukitaka kuitaja nyumba utaiongeza baadaye, "tulibomolewa nyumba", kwa namna ile ile ya "niliibiwa simu".

Jina la Shauri Moyo lenyewe husimuliwa kwa njia zaidi ya moja, na wengi hulihusisha na uhamisho huo: kwenda au kutokwenda, shauri la moyo wako. Iwapo ndiyo asili yake, basi ni jina lenye kejeli, maana waliohamishwa hawakuwa na hiari kubwa.

Tukifika 1954 jambo hili linakuwa zito zaidi. Alfajiri ya Jumamosi, 24 Aprili mwaka huo, majeshi ya Jenerali George Erskine yaliuzingira mji wa Nairobi. Operesheni ile iliitwa Anvil, yaani fuawe, kile chuma mhunzi anachogongea vyuma. Askari wa jeshi, polisi na walinzi wengine takriban 25,000 waliingia mtaa kwa mtaa wakiwatoa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Wanaume zaidi ya 20,000 walipelekwa kambini, wengi wao wakipitia Langata kisha Mackinnon Road na Manyani, na maelfu ya wanawake na watoto wakarudishwa kwa nguvu mashambani. Bahati na mitaa mingine iliyobakizwa kwa ajili ya Wakikuyu ikazungushiwa seng'enge.

Kiingereza cha nyaraka kuhusu operesheni hiyo kimejaa umbo lile lile: watu "were screened", wakawa "detained", wengine "repatriated". Neno hilo la kwanza Kiswahili kiliweza kulibeba vizuri, kuchujwa, na kila mwenye chujio jikoni anajua kwamba hakuna kitu kinachojichuja. Lazima kuwe na mkono unaoshika chujio. Waliokuwa wakichuja walikuwapo, tena wengine walikuwa na uso uliofichwa: wale watoa habari waliovikwa gunia lenye matundu ya macho, ambao Wakikuyu waliwaita gakunia, kigunia. Mtu alipita mbele ya gunia, gunia likatikisa kichwa, naye akapanda lori. Nikiwazia kauli ya kutendwa isiyo na mtenda, picha inayonijia ni hiyo. Mtenda yuko pale pale mbele yako, ila amefunikwa.

Wazee wa mitaa hiyo, wakisimulia siku hizo, aghalabu hawatumii kutendwa peke yake. Hutumia "wa-" isiyo na jina: walikuja, wakatuamsha, wakatuketisha chini, wakatubeba. Ni akina nani? Sentensi haisemi. Lakini kiambishi hicho cha ngeli ya watu kimekwisha kukuambia kwamba ni watu, si mvua wala si ajali. Na pale wanaposema "tulishikwa", bado -w- hiyo inadai mshikaji. Kiswahili kina kauli nyingine ya kusema jambo limetokea bila mkono wa mtu, nayo ni ya kutendeka: mlango umefungwa si sawa na mlango umefungika, na kikombe kilichovunjwa si kile kilichovunjika. Kiingereza huweza kutumia "was broken" kwa vyote viwili, na msomaji akisie. Mtoto wa Kaloleni ambaye hajaanza shule anajua tofauti hiyo vizuri sana, hasa kikombe kikiwa cha mama yake.

Hapa itabidi niwapinge kidogo wanaodhani kwamba dawa ni kuikataza kauli ya kutendwa. Mwandishi George Orwell, ambaye ujana wake aliutumia katika polisi wa dola ya Uingereza kule Burma, aliandika mwaka 1946 insha mashuhuri kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza. Miongoni mwa kanuni zake alisema usitumie kutendwa pale unapoweza kutumia kutenda. Kanuni hiyo imenakiliwa katika vitabu vingi vya kufunzia uandishi, na wanaoinakili mara chache hutaja kwamba sentensi ya kwanza kabisa ya insha hiyo ina kauli ya kutendwa ndani yake. (Burma, kwa njia, ni jina tunalolijua Eastlands. Soko letu la Burma husemekana kupata jina hilo kwa askari wa King's African Rifles waliopigana huko katika Vita vya Pili vya Dunia.)

Udhaifu wa kanuni ya Orwell unaonekana Hola. Machi 3, 1959, wafungwa 11 waliokuwa wakizuiliwa katika kambi hiyo iliyo karibu na Mto Tana walikufa. Kambi za aina hiyo ndizo zilizopokea wanaume wengi waliobebwa katika Anvil na baada yake. Taarifa ya kwanza ya serikali kwa vyombo vya habari ilieleza kwamba vifo vilitokea baada ya wanaume hao kunywa maji kutoka mkokoteni wa maji. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha kwamba walipigwa hadi kufa. Irudie taarifa ile uitazame kama mwalimu wa sarufi. Vifo "vilitokea". Wanaume "walikunywa". Hakuna kauli ya kutendwa katika vitenzi hivyo! Vyote ni vya kutenda, Orwell asingepata pa kuweka kalamu nyekundu, na uongo ukapita kati yake kama gari kwenye barabara tupu. Kama wangeandika kwa kutendwa, "waliuawa", ukweli ungejitokeza nusu, maana -w- ingeuliza muuaji ni nani.

Kwa hiyo, anayetaka kumficha mtenda hapungukiwi na njia. Sisi tunaoandika Kiswahili tusijione wasafi hapa. Kauli ile ya kutendeka niliyoisifu inaweza kugeuzwa silaha. Bunduki "ilifyatuka". Fedha za kaunti "zimepotea". Tena tumeazima Kiingereza: "risasi iliyopotea", kutoka "stray bullet", kana kwamba risasi ilikuwa ikielekea kwingine ikasahau njia. Machi 2020, siku za mwanzo za kafyu ya korona, mvulana alipigwa risasi Kiamaiko akiwa kwenye roshani ya kwao. Maelezo ya mwanzo yalikuwa ya risasi iliyopotea. Baadaye afisa mmoja wa polisi alishtakiwa kwa mauaji. Kati ya sentensi ya kwanza na ya pili kuna safari ndefu sana ya kisarufi, kutoka kwa risasi inayojiendea hadi kwa mtu mwenye jina, na jamaa wa marehemu ndio wanaoitembea safari hiyo.

Wala haimaanishi kwamba kumweka mtendwa mbele ni hila kila mara. Kuna nyakati ndiyo haki. Mitaa miwili mikubwa ya Eastlands imebeba majina ya madiwani waliouawa katika miaka ile ya hali ya hatari: Tom Mbotela, aliyeuawa Novemba 1952, na Ambrose Ofafa, aliyeuawa 1953, ambaye jina lake limo katika Ofafa Jericho na Ofafa Maringo. Ukisema "Mbotela was murdered in 1952" umefanya sawa kabisa, kwa kuwa habari ni ya Mbotela. Aliyemuua hakupewa mtaa, wala hastahili kuwa kiima cha sentensi inayoeleza jina la mtaa. (Na msomaji asikubali kuambiwa kwamba "kuuliwa" si Kiswahili. Maandishi rasmi hupendelea kuuawa, lakini kuuliwa ni umbo kongwe na halina dosari.)

Kuna pia kazi. Vizazi vya wafanyakazi wa reli wa Muthurwa na Makongeni walisema "nimeandikwa" kwa maana ya kuajiriwa, na "nimefutwa" kwa maana ya kuachishwa kazi. Neno kuandikwa ni la zamani kuliko reli, wapagazi wa misafara waliandikwa pia. Lakini chini ya sheria ya kipande iliyopitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza, maneno hayo yalipata uhalisi wa kutisha. Mwanaume Mwafrika alivaa shingoni kibati chenye karatasi ambayo mwajiri ndiye aliyejaza lini alimchukua na lini alimwacha. Mwenye shingo hakuandika chochote. Aliandikwa. Sioni kitenzi cha Kiingereza kinachoweza kuieleza hali hiyo kwa silabi chache hivyo.

Muoroto, karibu na barabara ya Landhies, ulibomolewa Mei 25, 1990, na idadi ya waliokufa siku hiyo ikabishaniwa kati ya serikali na viongozi wa kanisa na wakaazi. Miaka 30 baadaye, Mei 2020, matingatinga yaliingia Kariobangi karibu na mitambo ya majitaka, na maelfu ya watu wakaachwa nje msimu wa mvua, wakati kafyu ikiwataka wote wawe ndani ya nyumba usiku. Ripoti za Kiingereza ziliandika kuhusu "structures". Neno hilo lina maana yake serikalini: nyumba ikishaitwa "structure", haina mwenyewe. Waliokuwa pale walisema tulibomolewa, tukanyeshewa. Vitenzi viwili, vyote vya kutendewa, na hakuna hata kimoja unachoweza kukiingiza katika Kiingereza bila kumpoteza mtu njiani.

Nimalizie na taarifa mbili ambazo watafsiri wetu wa magazeti walizihangaikia. Juni 6, 2013, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni London na kutangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Alikiri kwamba Wakenya waliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni. Mtenda alitajwa, japo ni "utawala" na si mtu. Lakini alipofika kwenye kusikitika, alisema serikali yake inasikitika kwamba mateso hayo "took place". Yalitokea. Katika sentensi moja yalikuwa na mikono, katika nyingine yametokea kama kupatwa kwa jua.

Kisha Oktoba 31, 2023, Mfalme Charles, akiwa katika Ikulu ya Nairobi, alizungumza juu ya vitendo vya ukatili visivyoweza kutetewa, "committed against Kenyans". Kutendwa, bila "by". Kutafsiri hapo kuna njia mbili. Unaweza kufuata umbo la Kiingereza na kuandika "ukatili uliofanywa dhidi ya Wakenya", na hiyo "dhidi ya" ndiyo inayopendwa na vyumba vya habari kwa kuwa inakwenda sambamba na "against". Au unaweza kuandika "ukatili waliofanyiwa Wakenya". Maana haijabadilika na mfalme hajasingiziwa neno. Kilichobadilika ni kwamba Wakenya wameingia ndani ya kitenzi, pale kwenye "-liofanyiwa", na Mwafrika yeyote anayesikia Kiswahili atauliza hapo hapo: na nani? Mimi ningechagua hiyo ya pili. Ndilo umbo ambalo mzee aliyebaki Bahati tangu wakati wa seng'enge angelitumia, kama hangechagua kutenda moja kwa moja, kwa "wa-" yake ya siku zote: walitufanyia.